Ghughra za Ba, korosho za Masasi

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Mhariri alinituma Masasi kufuatilia minada ya korosho, na kwa kuwa upande wa mama yangu ni Wamakua wa huko huko, nikaunganisha kazi na kumsalimia bibi. Kabla ya kusafiri nilipita Mtaa wa Kisutu hapa Dar. Ilikuwa wiki ya Diwali, taa kila mahali, nikanunua kiboksi cha vitamutamu vya umbo la nusu mwezi, vimefungwa ukingoni kama sambusa lakini ndani ni sukari. Nilidhani nampelekea bibi kitu asichowahi kukiona.

Bibi akafungua, akachukua kimoja, hakula. Akakigeuza, akapitisha kidole ukingoni.

"Mume wangu," akasema (ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mdogo), "aliyefunga ghughra hizi alikuwa na haraka."

Nikaduwaa. Mimi niliyezinunua sikujua jina lake.

Kumbe bibi, akiwa msichana, alifanya kazi miaka saba kwenye nyumba ya Mhindi mwenye duka pale Masasi mjini. Hiyo ni miaka ya 60. Nyumbani kulikuwa na mwenye duka, mkewe, watoto, na mama yake mzee ambaye kila mtu alimwita Ba. Bibi alidhani hilo ndilo jina lake. Nilipomwambia kwamba "ba" kwa Kigujarati ni "mama", alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe miaka yote namwita mama!"

Turudi nyuma kidogo. Wahindi wa pwani hii wengi asili yao ni Kutch na Gujarat. Katika karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, Banyani wa Kutch, ndiyo iliyokodi forodha ya Sultani wa Zanzibar kwa miongo kadhaa, na mikono yake ilifika bandari za kusini kama Kilwa na Lindi. Mabanyani wa wakati ule kwa kawaida walikuja bila wake zao. Familia zilifuata baadaye, na chini ya Mjerumani kisha Mwingereza maduka yakapanda kutoka pwani kuelekea bara. Ndipo, pamoja na mizani na majora ya vitambaa, yakaja majiko.

Sasa Diwali. Wengi wetu tunaijua kama sikukuu ya taa na fataki. Kwa mfanyabiashara wa Kigujarati ni zaidi ya hapo. Ni usiku wa giza la mwezi, Oktoba au Novemba, na ndio mwisho wa mwaka wake wa hesabu. Vitabu vya zamani vinafungwa, vipya vyenye majalada mekundu vinawekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na utajiri, vinaombewa, kisha unaandikwa ukurasa wa kwanza. Kwa watu wa majahazi kalenda hiyo ilikuwa na mantiki yake: masika ya India yamekwisha, na muda si mrefu kaskazi itaanza kuvuma kuja huku. Kwa Masasi ilikaa vizuri zaidi, maana ni wakati huo huo korosho zinaanza kudondoka. Kitabu kipya kilifunguliwa mavuno yakiwa mlangoni.

Na ndani ya kitabu hicho alikuwamo baba yake bibi. Miezi ya njaa alichukua chumvi, jembe, kaniki ya mkewe, vikaandikwa. Msimu ukifika alilipa kwa korosho, kwa bei ya aliyemkopesha. (Anayejua kangomba ya leo hahitaji kuelezwa.) Jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoanza kusoma habari hizi ni kwamba enzi za Mwingereza kulikuwa na sheria Tanganyika iliyomzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani bila kibali cha maandishi cha serikali. Ilisemekana ni ya kumlinda Mwafrika. Watu waliendelea kukopa vile vile, ila ushahidi wa deni ukabaki ule mstari wa Kigujarati ambao mkopaji hakuweza kuusoma.

Siku tatu kabla ya vitabu kuombewa, jikoni kulianza ghughra. Kazi ya bibi ilikuwa uani. Alikuna nazi zilizotoka Lindi, akazianika zikauke kidogo. Alibangua korosho kwa kuzichoma juu ya bati lililotobolewa matundu. Yale mafuta ya ganda yanaunguza, na kucha zake zilikuwa nyeusi msimu mzima. Alitwanga iliki. Vyote hivyo aliviweka kwenye sahani na kuziacha kizingitini. Ndani, Ba na mkwewe walikaanga suji kwa samli mpaka ikanukia, wakachanganya na nazi, korosho zilizokatwakatwa, sukari na iliki. Unga wa ngano ulikandwa na samli na maji kidogo tu, ukafunikwa ulale. Kisha visahani vidogo vinasukumwa kwa kifimbo, kijiko kimoja cha mchanganyiko katikati, vinakunjwa nusu mwezi, na ukingo unafinywa na kupindwa, unafinywa na kupindwa, mpaka mwisho. Samli ya kukaangia isiwe kali. Ghughra ikiwa nyekundu imeharibika. Inatakiwa ibaki na rangi ya maziwa yaliyoganda.

Bibi aliyajua yote hayo kwa macho. Sheria ya nyumba ile ilikuwa kwamba kitu kikavu kinaweza kupita mikononi mwake, lakini unga ukishaguswa na maji hausogelei. Sahani yake ya kulia ilikaa peke yake, kwenye dirisha la nyuma.

Mwaka mmoja mambo yaligoma. Mkwe alikuwa amejifungua wiki ile, na kwa mila yao mzazi hashiki jiko wala hakaribii ibada. Vidole vya Ba vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi. Wageni walitarajiwa kutoka Newala na Ndanda. Ba alijaribu kufunga ghughra ya kwanza, ikaachia. Ya pili, ikaachia. Akamwita bibi, akamwambia anawe mikono mpaka kwenye viwiko.

"Nikafunga kama nasuka ukili," bibi anasema. Msichana aliyelelewa kwenye mikeka, vidole vyake vilikwisha kujua kupinda na kubana. Ba akafungua tatu za mwanzo akazirudisha. Ya nne akaiangalia, akaiweka kwenye sinia, akanyamaza. Tangu mwaka ule ghughra zote za nyumba ile zilifungwa na bibi. Zote, isipokuwa tano za kuweka mbele ya Lakshmi na vile vitabu. Hizo Ba alizifunga mwenyewe, kwa vidole vyake vilivyovimba, hata kama ingemchukua alasiri nzima.

Nilimuuliza bibi kama aliumia. Alikaa kimya kidogo. "Niliumia. Lakini na yeye alikuwa anaumia, nilimwona."

Sijui niliweke wapi jibu hilo. Vitabu vingi nilivyosoma chuoni kuhusu Wahindi wa Tanzania vimesimama dukani, mbele ya kaunta: nani alinunua, nani aliuza, nani alimnyonya nani. Jikoni hakuna anayeingia. Ladu, bajia na chapati zimekuwa Kiswahili kabisa, tena hatuulizi zimetoka wapi. Ghughra haikuvuka. Nadhani ni kwa sababu ilipikwa mara moja kwa mwaka, ndani, na waliojua kuifunga kwa upande wetu walikuwa wasichana wa kazi ambao hakuna aliyewauliza.

Yaliyofuata mnayajua. Azimio la Arusha, Februari 1967. Ununuzi wa korosho ulikuwa umeshapelekwa kwenye ushirika. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Bibi anasema nyumba ile haikufika hata robo ya bei hiyo, lakini hofu haisomi vifungu. Waliondoka kimya kimya, "Ulaya". Waasia wengi waliotoka Afrika Mashariki walitua Uingereza, na mji wa Leicester leo una moja ya sherehe kubwa za Diwali nje ya India. Huenda wajukuu wa Ba wamo humo. Vitabu vyekundu hakuna anayejua vilikwenda wapi. Baba yake bibi alikufa akiamini bado anadaiwa.

Korosho nazo zikapata msukosuko wake. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Watu wakahamishiwa vijijini, mashamba yakaachwa, ukungu ukaingia, bei ikawa duni; katikati ya miaka ya 80 tulikuwa chini ya tani 20,000. Zikapanda tena, na mwaka 2018 tukashuhudia serikali ikizinunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakizisomba. Kwa miaka mingi sehemu kubwa imeondoka ghafi kwenda India, kubanguliwa kwenye viwanda vya Kollam na kwingineko, na nyingi huishia kwenye vitamutamu vya sikukuu. Korosho inayopigwa mnada Masasi wakati wa Diwali haiwahi Diwali hiyo. Inakuwa ya mwaka unaofuata.

Jumapili bibi alinituma sokoni: suji, samli, iliki, na korosho vipande, kwa sababu nzima ni ghali na eti zitakatwa tu. Tukakaa uani na kifimbo cha chapati. Alifunga thelathini, mimi kumi na mbili. Moja yangu aliifungua na kunirudishia bila kusema neno. Watoto wa jirani wakaja kuuliza hizi ni sambusa za nini, wakala nyingi kuliko jibu walilopewa.

Zilizobaki alinifungia kwenye kiboksi kile kile cha Kisutu. Nilipofika Dar mbili zilikuwa zimepasuka, zote mbili nilizofunga mimi.