Alama 55 ni Pointi Ngapi?

Kila msimu wa kuomba vyuo unapofika, wazazi huniuliza swali lile lile: mtoto wangu kasoma PCB, je, pointi zake zinamfikisha kwenye udaktari? Nami huwauliza kwanza: alimaliza kidato cha sita mwaka gani?

Wapo watakaocheka. Lakini historia ya kuhesabu alama katika nchi hii haichekeshi.

Kuna wakati alama peke yake haikutosha. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kijana aende kazini kwanza, na chuo kikuu aje na sifa njema kutoka mahali pa kazi na katika Chama. Daktari wa kesho alipimwa kwa karatasi ya mtihani na kwa mwenendo wake pia.

Enzi hizo zikapita, mizani ikarudi kwenye herufi. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Katika kupanga madaraja, Baraza la Mitihani huihesabu A kuwa pointi 1, na mwenye pointi chache ndiye bora. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na mwenye nyingi ndiye bora. Cheti ni kimoja, hesabu mbili zinazopishana njiani.

Kisha ukaja mwaka 2014. Madaraja ya kwanza, pili na tatu yakawekwa kando, ikaingia GPA. Ikazaliwa herufi mpya, B+. A ikaanzia alama 75, B+ 60, B 50, C 40. Tume nayo ikabidi ipange upya kwa waliomaliza mwaka 2014 na 2015: A pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Mwanzoni mwa 2016, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akarudisha madaraja. A ikawa kuanzia 80, B 70, C 60, D 50.

Sasa tupige hesabu. Kijana aliyepata 55 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia mwaka 2014 alipewa B tatu, yaani pointi 9. Mdogo wake aliyepata 55 zile zile mwaka 2016 alipewa D tatu, pointi 6. Miongozo ya karibuni ya Tume inataka kwa udaktari pointi zisizopungua 6, na kila somo lisishuke chini ya D. Mkubwa ana akiba ya pointi tatu. Mdogo amesimama ukingoni, na ushindani wa nafasi unamsukuma kwa nyuma. Cheti hakionyeshi zile 55. Kinaonyesha herufi tu.

Sisemi GPA ilikuwa mbaya au madaraja ni mazuri. Kila mfumo una watetezi wake. Ninachosema ni kwamba mizani ya sokoni ikibadilishwa, muuza nyanya hubadilisha bei siku hiyo hiyo. Mwanafunzi hawezi: miaka yake miwili imekwisha kupimwa. Anayebadili mizani ya mitihani awatangazie vijana kabla hawajaingia kidato cha tano, si wakiwa njiani.

Nawe mzazi, kabla hujamlaumu mtoto kwa kuzidiwa na kaka yake, tazama kwanza mwaka ulioandikwa kwenye cheti.