Darasa la wagonjwa: karne moja ya kujifunza kuishi na maradhi ya kudumu

Mgonjwa wa kisukari humwona daktari kwa dakika chache kila mwezi, au kila miezi mitatu. Saa zote zinazobaki yuko na ugonjwa wake mwenyewe. Yeye ndiye anayeamua ale nini, ameze dawa saa ngapi, na afanye nini miguu ikifa ganzi usiku wa manane. Jambo hili liko wazi kwa yeyote aliyewahi kumuuguza mzazi mwenye presha au mtoto mwenye pumu. Hata hivyo, tiba ya kisasa ilichukua muda mrefu kulikubali, na muda mrefu zaidi kulifanyia kazi.

Leo katika nchi nyingi yapo mafunzo ya kijamii yanayowakutanisha watu wenye maradhi ya kudumu ili wajifunze kuyamudu maisha yao. Yalianzia katika shida ya pesa, yakapita kwenye maswali ambayo watafiti hawakuyatarajia, na mwisho yakatufikia sisi Waafrika kwa njia yetu wenyewe.

Boston, 1905

Julai 1905, daktari Joseph Pratt wa Boston, Marekani, alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu wasio na uwezo. Dawa ya ugonjwa huo haikuwepo bado. Tiba iliyoaminika ilikuwa mapumziko ya muda mrefu, chakula cha kutosha na hewa safi, na wenye fedha waliifuata kwenye nyumba maalumu za wagonjwa huko milimani. Wagonjwa wa Pratt walikuwa masikini wa mjini. Kwa msaada wa fedha za Kanisa la Emmanuel, aliamua kuwafundisha kujitibu majumbani mwao. Kwa kuwa kumfundisha kila mmoja peke yake kungemmalizia muda, aliwakusanya pamoja mara moja kwa wiki.

Darasa halikuzidi watu 25. Kila mmoja alikuwa na daftari la kuandika joto la mwili, chakula alichokula na saa alizopumzika. Walihimizwa kulala nje, vibarazani, juu ya mapaa au kwenye mahema. Siku ya darasa walipimwa uzito, madaftari yakakaguliwa, na waliopata nafuu wakasifiwa mbele ya wenzao. Kati ya darasa moja na jingine walitembelewa nyumbani.

Nia ya Pratt ilikuwa kuokoa muda. Alichokiona darasani kilizidi matarajio yake. Watu wa asili na dini mbalimbali, ambao nje ya chumba kile wasingekaa meza moja, waliunganishwa na ugonjwa wao na kutiana moyo. Mwaka 1907 alichapisha taarifa ya mbinu yake, na kadiri miaka ilivyopita alitambua kwamba mkusanyiko wenyewe ulikuwa sehemu ya tiba.

Sindano inapohamia nyumbani

Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa dawa hiyo. Ugonjwa uliokuwa ukiua watoto haraka ukageuka kuwa wa maisha yote. Badiliko hilo lilikuja na mzigo mpya: mgonjwa alipaswa kujichoma sindano, kupima mkojo na kupanga mlo, kila siku, bila daktari kuwepo.

Daktari mwingine wa Boston, Elliott Joslin, alikwisha kuliona hilo. Mwaka 1918, kabla ya insulini, alitoa kitabu cha mwongozo alichowaandikia madaktari na wagonjwa kwa pamoja. Aliamini kuwa maarifa ya mgonjwa humwongezea umri, na akawatumia wauguzi kama walimu. Mafunzo ya kisukari duniani yanamdai shukrani kubwa.

Lakini mpangilio wa darasa ulibaki ule ule kwa miongo mingi. Mtaalamu alisema, mgonjwa akasikiliza. Iliaminika kwamba anayejua lililo jema atalitenda. Kila mwenye kisukari aliyewahi kukaribishwa soda msibani anajua kwamba imani hiyo haitoshi.

Swali la Stanford

Mwishoni mwa miaka ya 1970, muuguzi Kate Lorig alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, ya kutayarisha mafunzo kwa watu wenye baridi yabisi. Alifanya kazi na Halsted Holman, bingwa wa maradhi hayo, aliyeshikilia kuwa katika ugonjwa wa kudumu mgonjwa na daktari ni washirika. Mafunzo yao yaliendeshwa na watu wa kawaida waliopewa semina fupi, wengi wao wakiwa na baridi yabisi wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeamka na vidole vilivyokakamaa anaweza kumwambia mwenzake jambo ambalo bingwa hana namna ya kulisema.

Matokeo yalikuwa mazuri: washiriki walifanya mazoezi zaidi na maumivu yakapungua. Lakini Lorig na wenzake walipochambua takwimu, waligundua kwamba mambo hayo mawili hayakushikana vizuri. Waliofanya mazoezi mengi hawakuwa lazima ndio waliopata nafuu kubwa. Taarifa waliyoichapisha mwaka 1989 ilikiri hivyo bila kuficha: badiliko la tabia pekee halikutosha kueleza manufaa yaliyoonekana.

Ikabidi wawaulize washiriki wenyewe. Waliopata nafuu walisema kuwa sasa waliona kuna jambo wanaloweza kulifanya kuhusu ugonjwa wao. Ambao hawakupata nafuu waliamini hakuna cha kufanya. Pale pale Stanford alikuwepo mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyechapisha mwaka 1977 nadharia kwamba mtu hujitahidi kwa kadiri anavyoamini kuwa ataliweza jambo. Imani hiyo, alieleza, hujengwa kwa kufanikiwa hatua ndogo ndogo, kwa kumwona mtu wa hali yako akifaulu, kwa kutiwa moyo, na kwa kuzielewa upya ishara za mwili wako.

Mafunzo yakasukwa upya juu ya msingi huo. Mwaka 1993 watafiti walitoa matokeo ya miaka minne: maumivu yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 20, na safari za kwenda kwa daktari kwa asilimia 40. Kilichokuwa kimebadilika ni jinsi watu wale walivyojiona mbele ya ugonjwa.

Saa mbili na nusu kwa wiki

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kijasiri zaidi. Wanasosholojia Juliet Corbin na Anselm Strauss walikuwa wameonyesha mwaka 1988 kwamba mwenye ugonjwa wa kudumu ana kazi tatu: kushughulikia tiba, kuendelea na majukumu yake ya mzazi, mfanyakazi au jirani, na kukabiliana na hofu, hasira na huzuni. Kazi hizo zinafanana, uwe na ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Lorig na timu yake wakaamua kuwaweka wenye maradhi tofauti katika chumba kimoja.

Mafunzo huchukua wiki sita, saa mbili na nusu kila wiki, kwa kundi dogo lenye viongozi wawili. Watu hujifunza kupumua vizuri, kufanya mazoezi bila kujiumiza, kukabiliana na uchovu, kulala, na kuzungumza na daktari. Kiini chake ni mpango wa wiki. Kila mshiriki huchagua jambo analolitaka yeye mwenyewe, kisha hulitaja kwa ukamilifu: nini, kiasi gani, lini, mara ngapi. Halafu huulizwa, kuanzia 0 hadi 10, ana uhakika kiasi gani kwamba ataliweza. Akisema chini ya 7, mpango hupunguzwa hadi ufikike. Wiki inayofuata hutoa taarifa, na aliyekwama hasutwi. Wenzake humpa mawazo, naye huchagua la kujaribu.

Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 952 wenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu, kiharusi au baridi yabisi. Baada ya miezi sita, waliohudhuria walifanya mazoezi zaidi, walizungumza vizuri zaidi na madaktari, walipungukiwa na uchovu na kulazwa kidogo kuliko wenzao waliokuwa wakisubiri zamu. Maumivu na kubanwa pumzi havikuonyesha tofauti. Ukweli huo hauna budi kusemwa, kwa sababu mgonjwa ameshachoka na ahadi za uponyaji.

Uingereza iliyapeleka mafunzo haya katika huduma yake ya afya ya taifa baada ya ripoti ya serikali ya mwaka 2001 iliyomtambua mgonjwa kama mtaalamu wa hali yake. Utafiti uliofuata, wenye washiriki 629, ulichapishwa mwaka 2007. Kujiamini kuliongezeka na nguvu za mwili pia, lakini matumizi ya huduma za afya hayakupungua. Waliotaka mafunzo yapunguze gharama za hospitali walivunjika moyo. Mimi naona walipima kwa rula isiyofaa. Mtu kupata tena nguvu za kuishi siku yake ni faida iliyokamilika, hata kama haikumpunguzia serikali senti moja.

Kampala, Dar es Salaam, Kibera

Afrika Mashariki tulijifunza kuwakutanisha wagonjwa kwa njia ya uchungu. Mwaka 1987, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mume wake kwa UKIMWI, alianzisha na wenzake shirika la TASO huko Kampala. Baadhi yao walikuwa na virusi wenyewe. Dawa za kufubaza VVU zilikuwa hazijawafikia, kwa hiyo walipeana walichokuwa nacho: ushauri, chakula, kutembeleana, na wazo la kuishi kwa matumaini. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha shirika la WAMATA jijini Dar es Salaam kwa moyo huo huo.

Dawa zilipofika, vikundi vilipata kazi mpya. Mwaka 2007 huko Khayelitsha, Afrika Kusini, wagonjwa waliokuwa imara walianza kukutana katika klabu, wakachukua dawa na kuzungumza badala ya kupoteza siku nzima kwenye foleni. Kibera, Nairobi, wakaenda hatua moja mbele. Kuanzia Agosti 2013 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliweka katika klabu moja watu wenye VVU, kisukari na presha, 25 hadi 35 kwa kila klabu, wakikutana kila miezi mitatu. Ndani ya mwaka mmoja zilikuwepo klabu 47 zenye watu 1,432, na 412 kati yao walikuwa wa kisukari au presha.

Klabu hizo zilisimamiwa na wauguzi, na mazungumzo yake yalikuwa mafupi kuliko darasa la wiki sita. Hata hivyo zilithibitisha jambo zito: kukaa pamoja kulikobuniwa kwa ajili ya VVU kunaweza kumhudumia na mama mwenye presha.

Kisukari, presha na kiharusi vimeshaingia katika nyumba zetu nyingi. Uzoefu wa kuwakutanisha wagonjwa tunao, na tuliupata kwa gharama kubwa. Tunao pia watu walioishi na VVU kwa miaka 20 na zaidi, wanaojua kumeza dawa kila siku, kuzungumza na mwajiri na kumshika mkono aliyepata majibu jana. Hao ndio walimu ambao kliniki za kisukari zinawahitaji. Wapewe mafunzo, chumba, na posho ya kazi yao.

Tumezoea kumuuliza mgonjwa wa presha kama amemeza dawa. Swali hilo libaki. Lakini miaka hii yote, tangu darasa la Pratt, inatudai tumuulize na maswali mengine mawili: wiki hii unataka kufanya nini, na una uhakika kiasi gani kwamba utaliweza?