Matairi ya Baisikeli: Yenye Meno na Yaliyo Laini

Wahenga walisema, Vyaelea vimeundwa. Baisikeli twaiona kila siku, wala hatuulizi kwa nini tairi la hii lina meno makubwa, na la ile ni laini kama ganda la yai. Wengi hudhani ya kuwa meno ni nguvu mahali pote, na ya kuwa tairi laini huteleza siku zote. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata tukaangushwa, kama tutakavyoeleza mbele. Lakini kwanza na tutazame jinsi mambo haya yalivyoanza, maana habari za kale zatufundisha kuchagua.

Baisikeli za miaka ya 1860 zilikuwa na magurudumu ya mti yaliyovikwa chuma, na Waingereza waliziita vitikisa mifupa. Baadaye ukaja mpira, lakini mpira mtupu usio na upepo. Kumbe Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kubuni gurudumu la upepo kwa magari ya farasi, akapewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1845. Lakini kazi yake ikasahauliwa. Mwaka 1887, katika mji wa Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alilifanya jambo lile upya kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1889 Willie Hume alishinda mashindano huko Belfast kwa matairi ya namna ile, na tangu hapo mpira mtupu ukaanza kuachwa.

Ila tairi la Dunlop lilikuwa gumu kuvua, hata kuziba tundu moja ilikuwa taabu kubwa. Mwaka 1891 ndugu Michelin wa Ufaransa walitoa tairi la kuvuliwa, na mwaka ule ule Charles Terront alilitumia kushinda safari ya kutoka Paris kwenda Brest na kurudi, yapata kilometa 1,200, kwa muda usiotimia saa 72. Matairi mengi ya siku zile yalikuwa laini, au yenye mistari midogo tu, nayo yalifaa kwa njia ngumu zilizoshindiliwa.

Basi meno yalihitajiwa wapi? Yalihitajiwa pale ambapo watu waliiacha barabara. Huko Ufaransa waendeshaji walipenda kukata mashamba na matope wakati wa baridi, na mwaka 1902 yakafanyika mashindano ya kwanza ya taifa ya mchezo huo. Tena mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Marekani ilitoa baisikeli zenye matairi manene ya upepo mwingi. Baisikeli hizo zilipokuwa kuukuu, vijana wa Fairfax, katika California, walizichukua, wakazitia matairi manene yenye meno, wakateremka nazo milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lao la kwanza katika njia waliyoiita Repack, kwa sababu breki zilipata moto hata grisi ikaungua, na baada ya kuteremka ilikuwa lazima kuitia upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda baisikeli mpya kwa kazi hiyo, na baisikeli ya mlimani ikaenea duniani pamoja na meno yake.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, maana watu waliyapeleka meno yale katika lami. Yatupasa kufahamu neno hili: ardhi ikiwa laini, sharti mpira uiume ardhi, ardhi ikiwa ngumu, ardhi yenyewe huuma mpira. Katika udongo meno huzama, yakashika. Katika lami hayana pa kuzama; husimama juu ya ncha zake, yakapinda na kula nguvu za miguu. Wengine husema meno hufukuza maji. Katika motokaa mifereji ya tairi ina kazi hiyo, kwa kuwa tairi lake ni pana na bapa. Tairi la baisikeli ni jembamba na la mviringo, nalo hupasua maji kama mtumbwi. Mhandisi Jobst Brandt wa California aliyaeleza hayo kwa miaka mingi, lakini wengi waliendelea kuliogopa tairi laini kwa kulitazama tu.

Nasi tulikuwa miongoni mwao. Barabara ya kwetu ilipotiwa lami, tuliiogopa masika, tukanunua matairi yenye meno marefu. Kila asubuhi yalivuma kama nyuki, na tulifika shuleni tumechoka. Siku moja ya mvua, tulipokata kona penye mteremko, meno ya pembeni yalipinda, baisikeli ikalala, nasi tukalala nayo. Madaftari ya watoto yaliloa yote, na mkono wetu ukafungwa majuma matatu. Mzee mmoja aliyetufuata, mwenye matairi ya mistari midogo, alipita kona ile ile salama, akashuka kutuinua.

Basi, msomaji, kabla hujatoa fedha, itazame njia yako. Aendaye katika lami siku zote, na achague tairi laini au la mistari midogo. Aendaye shambani kwa njia ya mchanga na matope, na achague meno, tena yaliyoachana, kwa kuwa yaliyosongamana hujaa tope. Mwenye njia mbili, na achague tairi lenye mstari laini katikati na meno madogo pembeni. Wala asidhani kuwa kipara ndio ulaini: tairi lililolika halina unene, na mwiba mdogo hulipenya. Na katika udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, hakuna tairi lifaalo. Hapo mtu hushuka, akaibeba baisikeli yake. Kila mlango na ufunguo wake.