Miiba ya tambarare za Kasese na Bwera: namna ya kuyalinda matairi ya trekta dogo

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, mkulima wa mlimani na mkulima wa tambarare hawalimi kwa zana moja. Kwenye miteremko ya Rwenzori jembe la mkono bado ndilo linalotawala, kwa sababu trekta haliwezi kupanda huko. Chini, kuanzia Karusandara na Mubuku hadi Nyakatonzi, na kuendelea upande wa Bwera karibu na mpaka wa Kongo, ardhi ni sawa na trekta dogo hupita bila taabu, liwe la magurudumu manne au lile la kushikwa kwa mikono liitwalo pawatila. Kinacholizuia huko ni mwiba.

Hasara yake haipimwi kwa bei ya kiraka peke yake. Trekta la kukodi husubiriwa na wakulima wengi kwa zamu, na mvua haziwangojei. Tairi likitobolewa mwanzoni mwa mvua za Machi au zile za Agosti, kazi husimama kwa siku moja. Likizibwa ovyo, litatobolewa tena, na yule aliye mwisho wa zamu hupanda pamba au mahindi yake wakati wa jirani yamekwisha kuota.

Tambarare hizi zimo ndani ya bonde la ufa, takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ambayo kilele chake hufikia mita 5,109. Hupata mvua chache kuliko miteremko iliyo juu yake, na mimea yake ni ile ya nchi kavu. Migunga ina miiba mirefu myeupe, iliyonyooka, miwili miwili. Kichaka kiitwacho na wataalamu Dichrostachys cinerea, chenye maua ya rangi mbili, waridi na njano, ni kibaya zaidi: miiba yake ni vitawi vifupi vigumu kama msumari, nacho huchipua upya kutoka mizizini kila kinapokatwa. Kichaka hicho kimewasumbua wahifadhi wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth kwa miaka mingi. Huko Cuba, ambako huitwa marabú, kilifunika mashamba mengi yaliyoachwa baada ya kilimo cha miwa kudorora.

Mti mkubwa unaofanana na kinara cha mishumaa, unaoonekana kila mahali kandokando ya barabara ya Kikorongo, watu wengi huudhani kuwa dungusi kakati. Sivyo. Ni jamii ya mnyaa, na hatari yake kubwa haiko katika miiba bali katika utomvu wake mweupe, ambao ukiingia machoni huweza kupofusha. Dungusi kakati wa kweli, mwenye majani mapana kama viganja, asili yake ni Amerika, naye hupandwa kuwa ua. Asikatwekatwe na kuachwa shambani, kwa maana kila kiganja kinachoanguka huota mizizi. Chini kabisa, penye mchanga, hutambaa mbigili, ambao kila mwendesha baiskeli anaufahamu.

Tairi la trekta dogo linaonekana nene, lakini unene huo umo katika kashata tu, yaani yale matuta ya mpira yanayoshika udongo. Kati ya kashata na kashata mpira ni mwembamba, na ndipo mwiba unapoingia. Trekta linalosafirishwa kwa magurudumu yake juu ya lami kutoka Kasese hadi Bwera, mwendo wa zaidi ya kilomita 40, hulika kashata haraka. Na kashata zikiisha, miiba hupata njia pande zote. Upepo nao una sehemu yake. Ukiwa mdogo mno, tairi huteleza juu ya rimu, huivuta tyubu na kuikata penye shina la valvu. Ukiwa mwingi kupita kiasi, tairi hukakamaa na kuukandamiza mwiba badala ya kuulalia. Kipimo sahihi hupatikana katika kitabu cha trekta. Kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, wala si agizo.

Kinga ya kwanza hufanyika kabla trekta halijafika. Shamba jipya, hasa lililokuwa malisho na kuzungukwa na maboma ya matawi ya miiba, lina mabaki yaliyofunikwa na nyasi. Mwiba mkavu ni mgumu kuliko mbichi, kwa hiyo matawi yaliyokatwa msimu uliopita ndiyo ya kuogopwa. Yakokotwe kwa uma, yarundikwe mahali pamoja nje ya njia ya trekta, na yakichomwa yaungue hadi majivu. Rundo lililoungua nusu huacha ncha zilezile chini ya makaa. Moto usiwashwe penye upepo wala karibu na mpaka wa hifadhi. Visiki ving'olewe. Kisiki kilichokatwa mshazari kwa panga ni mkuki uliosimikwa, na tundu lake halizibiki kwa kiraka chochote.

Kosa linalorudiwa zaidi hutendeka wakati wa kuziba. Mwiba hukatika ndani ya tairi, ncha yake ikabaki katikati ya nyuzi za mpira, na kila gurudumu linapozunguka husogea ndani kidogo. Fundi huiziba tyubu, huirudisha, na baada ya saa mbili pancha ni ileile. Kabla ya kuitoa tyubu, inafaa kuweka alama ya chaki kwenye tairi mkabala na valvu, ili tundu la tyubu lilinganishwe na mahali pake katika tairi. Kisha upande wa ndani wa tairi usuguliwe polepole kwa fumba la pamba, nayo pamba haikosekani Kasese. Nyuzi zake hunasa penye ncha ambayo kidole hakiioni, na mkono hausalimiki kwa kupapasa mtupu. Mwiba uvutwe kwa koleo, kutoka upande uliotokea.

Dawa ya maji inayotiwa ndani ya tyubu kupitia valvu husaidia kweli dhidi ya matundu madogo ya miiba. Haizibi ubavu wala mpasuko, na trekta lazima liendeshwe mara baada ya kuitia, la sivyo hutulia chini. Aina nyingine hukauka kwa joto. Tyubu yenye dawa hiyo haishiki kiraka mpaka isafishwe na kukaushwa kabisa, na mafundi wengi hulalamika juu ya jambo hilo kwa haki. Kipande cha tairi kuukuu kinachowekwa kati ya tairi na tyubu ni kinga ya bei nafuu, ila kingo zake zisiponolewa hadi kuwa nyembamba huitafuna tyubu yenyewe. Kujaza maji ndani ya tairi huongeza uzito na mshiko, hakuzuii mwiba. Kujaza mpira mzito usiotoboka humaliza pancha, lakini ni ghali, huongeza uzito mno kwa trekta dogo, na tairi likishaisha vyote hutupwa pamoja.

Mwenye pawatila ana njia nyepesi kuliko zote. Magurudumu ya chuma yanayotumiwa katika majaruba ya mpunga huweza pia kulima shamba kavu, nayo hayana cha kutobolewa. Barabarani hayafai, kwa kuwa huharibu njia na kuitikisa mashine. Hivyo magurudumu ya mpira hufungwa kwa safari, na hubadilishwa ukingoni mwa shamba, kabla ya mche wa kwanza wa mgunga.