USHUJAA WENYE KANUNI

Tangu yapata miaka 4,000 iliyopita, zama ambazo kuta za makaburi ya Beni Hasan, nchini Misri, zilichorwa wanamieleka jozi kwa jozi, wanadamu hawajaacha kuvutwa na pambano. Pwani yetu, katika ngoma ya kirumbizi, mashujaa wawili huingia uwanjani kwa mlio wa zumari, kila mmoja akivizia upenyo kwa fimbo yake huku akijihami.

Mwaka 1970, mjini Edinburgh, bondia Titus Simba aliipatia Tanzania nishani ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Na mwaka 1974, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, iliyo ng’ambo ya Ziwa Tanganyika kutoka huku kwetu Katavi, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8.

Ewe mzuru wa Kasansa, hapa Katavi, kinachodumisha mvuto huo wa pambano ni ushujaa uliotiwa adabu na kanuni.