Tsavo Isiyopigwa Picha Tsavo

Mto Tsavo, ambao mwaka 1898 wajenzi wa Reli ya Uganda walikuwa wakiujengea daraja katika nyika iliyo kaskazini ya Voi, umesimuliwa katika filamu mbili mashuhuri, na mara zote mbili kamera zilisimikwa mbali na maji yake. Bwana Devil ya Arch Oboler, iliyotoka mwaka 1952, ilipigwa kwa sehemu kubwa California, na The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 ikapigwa Afrika Kusini, katika hifadhi ya Songimvelo.

Kuhamisha mandhari peke yake si kosa. Lawama ya kimaadili inaangukia yale yaliyobadilishwa njiani. Simba wawili waliokuwa wakiwala wajenzi hao, na waliouawa na mhandisi John Henry Patterson mwezi Desemba 1898, hawakuwa na manyoya ya shingoni, ilhali wale wa filamu ya 1996 walikuwa nayo. Pia aliongezwa mwindaji wa Kimarekani, Remington, ambaye hakuwahi kuwepo. Zito zaidi ni la wafu, kwa maana Patterson mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1907, alitaja vibarua 28 Wahindi walioliwa, akakiri kwamba Waafrika waliokufa pamoja nao hawakuwekewa hesabu rasmi. Filamu hiyo ya 1996 ilimpa Mwafrika mmoja, Samuel, kazi ya kusimulia, lakini wafu hao wakabaki bila majina.

Iko filamu iliyothubutu kuigeuzia tasnia yenyewe jicho la lawama. White Hunter Black Heart ya Clint Eastwood, ya mwaka 1990, ni filamu kuhusu utengenezaji wa filamu: inatokana na riwaya ya Peter Viertel, aliyeshiriki kuandika mswada wa The African Queen, ambayo John Huston aliipiga Uganda na Kongo mwaka 1951. Mwongozaji anayeigizwa humo anatamani kuua tembo kuliko kazi yake, na anayelipa kwa uhai wake ni Kivu, kiongozi wa msafara Mwafrika. Hata hivyo, nayo ilipigwa Zimbabwe.

Tume ya Filamu ya Kenya na serikali ya kaunti ya Taita Taveta hazina budi kumtaka kila mtayarishaji atakayeirudia hadithi ya Tsavo awashirikishe wazee wa Taita tangu mswada unapoandikwa, wala si baada ya kamera kuondoka.