Aliyeua si Mzimu: Bwana Msa na Historia ya Mpelelezi Asiye Askari

Utangulizi

Nakala ya kwanza ya Mzimu wa Watu wa Kale niliyopata kuisoma haikuwa na mwisho. Ilikwisha pita mikono mingi pale Ngamiani, Tanga, na kurasa za nyuma zilikuwa zimenyofoka zote. Basi tukakaa barazani vijana watano, kila mmoja na muuaji wake. Mjomba mmoja aliyekuwa akitusikiliza akatukata kauli: "Wanangu, mnahangaika bure. Jina la kitabu limeshawaambieni. Aliyeua ni mzimu!"

Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha nusu mdomo. Makala haya yanatokana na kauli ile ya mjomba. Yanauliza: kwa nini riwaya ya upelelezi ya pwani ilianza na mtu asiyekuwa askari, na mtu huyo alikuja kutufanyia kazi gani?

Alikotoka Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kushika kalamu ya gazeti alifanya kazi ya bwana afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alihariri Mkulima, gazeti la idara ya kilimo. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapwa 1960. Baada yake zikafuatana Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Kwamba Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes, hilo halina ubishi. Kiko anacho mdomoni, na rafiki wa kustaajabu anaye, Najum, kama Holmes alivyokuwa na Watson. Lakini wahakiki wengine hufika hapo wakaweka kalamu chini, kana kwamba kumtaja baba wa mtoto ni kumaliza habari za mtoto. Jina lenyewe, Msa, ni herufi tatu za mwandishi: M.S.A. Na mimi naona kwamba yule bwana afya wa zamani hakumtoka mwandishi. Bwana afya huingia uani, huchungulia kisima, huuliza nani analala chumba gani. Askari akibisha hodi watu hunyamaza; bwana afya wanamlalamikia tu, huku wakimsimulia.

Kwa nini si askari?

Tukumbuke kwamba riwaya hii ilishinda miaka ya ukoloni. Polisi wamo, Inspekta Seif yumo, lakini ufumbuzi hautoki kituoni. Siri za Bwana Msa ni siri za nyumbani: nani mtoto wa nani, nani mrithi, nani alimwoa nani kwa siri. Mambo hayo hayapatikani kwa pingu. Hupatikana kwa kujua ukoo na kusikiliza maneno ya barazani.

Linganisha na waliofuata. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) alimleta Inspekta Wingo, askari hasa, katika jiji la Dar es Salaam. Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) akamleta Willy Gamba, jasusi wa taifa. Tunaona basi kwamba baada ya uhuru mpelelezi alihamia upande wa dola, kwa sababu dola sasa ilikuwa yetu. Bwana Msa alibaki raia. Hiyo ndiyo tofauti, nayo ni ya kihistoria kabla ya kuwa ya kifani.

Karama na Msa

Msomaji wa Tanga wakati ule alikwisha mjua Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951) Karama anasimama mbele ya mfalme na kujitetea kwa hadithi za wajumbe sita. Pale ukweli unasemwa na mtu mwema, na kazi ya msikilizaji ni kuukubali. Kwa Bwana Msa mambo yamegeuka. Mtu mwema kwa sura anaweza kuwa mwongo, na kazi ya msomaji ni kushuku na kupima. Hii ni elimu nyingine, na Kiswahili kiliihitaji.

Hebu twende Amboni, kaskazini kidogo ya mji. Ndani ya mapango yale kuna mahali pa mizimu, na watu hadi leo hupeleka ubani na marashi. Simulizi za Tanga husema pia kwamba Osale Otango, yule mhalifu wa miaka ya 1950, alijificha humo. Pango moja, siri mbili: mzimu na mtu. Bwana Msa hatukani mizimu ya mtu. Anachokataa ni mtu aliye hai kujificha nyuma ya mzimu.

Msidhani haya ni ya vitabuni tu. Mwaka 1995 hofu ya popobawa iliikumba Pemba, ikaingia Unguja, ikavuka hadi pwani ya bara. Mjini Unguja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania ndiye. Pale hapakutokea Bwana Msa wa kusema: "Ngojeni kwanza, tuulize."

Hitimisho

Bwana Msa ana upungufu wake. Mwishoni hufafanua kila kitu peke yake, wenzake wakiwa kama wanafunzi wa chuoni. Tena hahoji kwa nini mmoja ana shamba na wengine ni vibarua wake, na hapo wahakiki wa mrengo wa kijamii wana haki ya kumgombeza. Lakini kumtupa katika kapu la fasihi pendwa, eti ya kupotezea wakati, ni kumwonea.

Nilipopata nakala kamili, miaka kadhaa baadaye, nilimpelekea mjomba habari ya mwisho wake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kumbe mtu! Basi afadhali ingekuwa mzimu." Nami sijapata uhakiki wa riwaya ile unaopita huo.